Kumuuliza Kuku Mwenyewe: Kamera ya Joto Katika Banda la Pwani

Mhadhara kwa wafugaji, maofisa ugani na wanafunzi wa mifugo



Nianze na mama mmoja mfugaji wa Kibaha. Jina lake nitaliacha, maana sikumwomba ruhusa ya kulitaja. Aliniita mwezi wa Februari, wakati ule joto la kaskazi linapokuwa limekaa na halitaki kuondoka. Bandani alikuwa na kuku wa nyama walioingia wiki ya tano, ile wiki ambayo mfugaji ameshalisha sana na anasubiri kuuza. Nilifika saa nane mchana. Kabla sijavua viatu alinishika mkono akanipeleka kwenye nguzo ya mlangoni, mahali alipokitundika kipimajoto, usawa wa macho yake.

“Daktari, soma mwenyewe. Thelathini na moja. Juzi thelathini na moja, jana thelathini na moja. Na jana nimezika kuku kumi na wawili.”

Nilikilinganisha kipimajoto chake na changu, vikakubaliana. Nyuzi 31 ni joto, sikatai, lakini hazitoshi kueleza maiti kumi na mbili kwa siku moja. Kuku wenyewe walikuwa wakisema jambo jingine. Walilala wametandaza mabawa mbali na mbavu, shingo zimenyooka, midomo wazi, makoo yakipigapiga upesi. Aliyejaribu kwenda kwenye maji alipiga hatua tatu akaketi tena.

Siku hiyo nilikuwa na kamera ya joto, ile ndogo ya kuchomeka kwenye simu. Nilichuchumaa kwenye maranda nikaielekeza kwa kuku. Kiwiliwili chake chenye manyoya kilionekana cha zambarau, rangi ya ubaridi kwenye kamera hiyo, kana kwamba hana shida yoyote. Miguu, uso na upanga wa kichwani vilikuwa vya njano inayokaribia weupe, rangi ya joto kali. Kisha nikainua kamera juu kidogo tu, na kioo chote cha simu kikajaa rangi ile ile ya njano na nyeupe kutoka ukuta hadi ukuta. Lilikuwa bati. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu akichungulia. Alisema maneno manne: “Kumbe juu kuna jiko.”

Nimekuja leo kueleza maneno hayo manne. Kwa miaka mingi sisi wataalamu tumewafundisha wafugaji kupima joto la hewa, na hewa yenyewe mara nyingi ni ya mlangoni, kwenye urefu wa mtu mzima, upepo unapopita. Kuku haishi hapo. Anaishi kati ya bati na maranda, na joto linalomwumiza linamfikia kwa njia ambazo kipimajoto cha ukutani hakizihisi. Nasema tumpime kuku, tumsome kuku, na banda tulisome kwa macho yake. Kamera ya joto ni chombo kizuri cha kuanzia kazi hiyo, ikiwa mtumiaji anajua inachoona na isichoona.

Kila kitu chenye joto hutoa mionzi. Wewe uliyeketi hapo unaitoa, kiti chako kinaitoa, ukuta ulio nyuma yako unaitoa. Macho yetu hayaioni kwa kuwa mawimbi yake ni marefu kuliko yale ya mwanga mwekundu, ndiyo maana ikaitwa infraredi. Aliyeitambua kwanza ni William Herschel, mwanaastronomia aliyeishi Uingereza, yule yule aliyegundua sayari ya Uranus mwaka 1781. Mwaka 1800 alipitisha mwanga wa jua kwenye prizimu, ukatawanyika kuwa rangi, naye akaweka vipimajoto kwenye rangi moja baada ya nyingine. Kimoja akakiweka nje ya nyekundu, mahali ambapo jicho lilisema hapana kitu. Hicho ndicho kilichopanda kuliko vyote. Kamera yangu ya Kibaha ni mjukuu wa kipimajoto kile. Inapokea mionzi yenye mawimbi ya kama maikromita 8 hadi 14, inaibadili kuwa namba za joto, kisha kila namba inapewa rangi.

Sasa tuje kwa ndege. Joto la ndani la kuku mzima ni kama nyuzi 41, na wakati mwingine hukaribia 42. Hana tezi za jasho hata moja. Amevaa koti la manyoya usiku na mchana, nalo halizuii tu baridi, linazuia pia joto lake lisitoke. Ndiyo maana kiwiliwili kilionekana cha zambarau: kamera ilikuwa inasoma uso wa koti, wala haikufika kwa aliyelivaa. Mtu akikuletea picha ya mgongo wa kuku na kukwambia ndege wake wamepoa, mwombe picha ya miguu.

Kuku ana madirisha machache ya kutolea joto: upanga wa kichwani, ndevu zinazoning'inia chini ya mdomo, ngozi ya uso kuzunguka jicho, miguu yenye magamba na vidole vyake. Hapo hakuna manyoya, na mishipa ya damu ina uwezo wa kufunguka na kujifunga. Ndege akiona joto linazidi, mishipa hiyo hutanuka, damu ya moto kutoka ndani ikamiminika hadi kwenye vidole, na joto likatoka kwenda hewani. Akihisi baridi, mishipa husinyaa na miguu ikapoa. Si kuku peke yake aliye hivi. Mwaka 2009 Glenn Tattersall wa Kanada na wenzake wa Brazili waliweka kamera ya joto mbele ya tukani, yule ndege mwenye mdomo mkubwa kupita kiasi, wakaona kwamba mdomo wote ni kipoza joto ambacho ndege anakifungua na kukifunga apendavyo. Upanga wa jogoo wako unafanya kazi ya aina hiyo.

Lakini njia hii ina kikomo, na hesabu yake ni nyepesi. Hewa ikiwa na nyuzi 25, kati yake na damu ya kuku kuna pengo la nyuzi 16, na joto linapata mteremko wa kushukia. Hewa ikifika 35 pengo linabaki 6. Miguu inakuwa ya moto sana lakini hailipi. Hapo ndipo kuku anapoanza kutweta. Kutoka pumzi kama 30 kwa dakika anapanda hadi zaidi ya 150, ili unyevu wa kooni ugeuke mvuke na kuondoka na joto. Kila gramu ya maji inayogeuka mvuke huchukua kama jouli 2,400, kwa hiyo njia hii ina nguvu. Ina gharama vilevile. Misuli ya kifua inafanya kazi na kuzalisha joto jingine. Hewa ya kabonidioksaidi inatoka kwa wingi kupita kiasi, damu inapoteza tindikali yake, na kuku wa mayai anakosa malighafi ya kutengenezea ganda. Wenye kuku wa mayai mliomo humu mnajua mayai ya Februari, yale yanayopasuka kwenye trei kabla hayajafika sokoni. Mengi ya maganda hayo membamba yanaanzia kooni mwa kuku anayetweta.

Nitakiri kosa langu, kwa sababu lina mafunzo kwa wanafunzi. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimemshauri mama yule anyunyize maji hewani mchana. Nilikuwa nimefanya kazi Dodoma, ambako hewa ni kavu, na kule ushauri huo ulisaidia: matone yalikuwa yanakauka hewani na kuipoza. Kibaha ni nchi ya hewa nzito. Mchana wa kaskazi hewa tayari imebeba unyevu mwingi, na kila tone unaloliongeza ndani ya banda lisilo na upepo linamzibia kuku njia yake ya mwisho, ile ya kooni. Nilimfungia mlango ambao alikuwa anautumia kujiokoa. Nilimwomba mama yule radhi siku ile ile. Kwa pwani yetu, kuanzia Tanga hadi Mtwara, na Mombasa vilevile, feni inayosukuma hewa juu ya migongo ya kuku ina faida kuliko mashine ya ukungu.

Turudi kwenye jiko la juu. Bati lililopigwa na jua la saa saba linaweza kuvuka nyuzi 60, na upande wake wa chini unamwangalia kuku moja kwa moja. Mionzi inayotoka hapo haisubiri kupasha hewa kwanza. Inapita hewani na kutua mgongoni mwake, kama vile unavyohisi joto la moto wa kuni usoni hata kama upepo ni baridi. Kipimajoto cha mlangoni kilisema kweli kuhusu hewa. Kuhusu bati hakikuulizwa.

Hapa kamera nayo inaweza kukudanganya, na ni vizuri mjue jinsi gani. Bati jipya linalong'aa hutoa mionzi kidogo na kuakisi mingi, kama kioo. Ukilipima hivi hivi, utasoma joto la sakafu lililoakisiwa, na utaambiwa bati limepoa wakati linachoma mkono. Dawa yake ni kipande cha utepe mweusi wa fundi umeme. Kibandike kwenye bati, subiri dakika chache kipate joto la bati, kisha pima utepe. Bati la zamani lililoshika kutu halina shida hiyo kwa kamera, ila lina shida kubwa zaidi kwa kuku, maana kutu hutoa mionzi kwa nguvu. Ngozi, magamba na manyoya vinasomeka vizuri. Weka kamera yako kwenye kipimo cha mnururisho, yaani uwezo wa kitu kutoa mionzi, cha 0.95 hadi 0.98 na utakuwa salama.

Kioo cha dirisha pia ni ukuta kwa kamera hii. Ukimpiga kuku picha kupitia kioo utapata joto la kioo na taswira ya uso wako mwenyewe. Kuku aliyelowa ataonekana amepoa kwa sababu ya maji. Kuku mweusi aliye juani ataonekana anaungua, kumbe ni ncha za manyoya tu. Kamera nyingi za bei nafuu hukosea hadi nyuzi 2 juu au chini, ingawa zinaweza kutofautisha mahali na mahali kwa sehemu ya kumi ya nyuzi. Kwa hiyo usibishane nayo juu ya namba moja. Linganisha: upande wa mashariki wa banda na wa magharibi, saa mbili asubuhi na saa nane mchana, chini ya bati na chini ya makuti.

Na jihadharini na rangi. Kamera ikiachwa ijichagulie kipimo, itaupa upande wa moto zaidi rangi nyekundu hata kama tofauti yote ni nyuzi 2. Nimewahi kuona ripoti iliyojaa wekundu wa kutisha kutoka banda ambalo kuku wake walikuwa wanaoga vumbi kwa raha. Funga kipimo, tuseme kuanzia 20 hadi 45, na utumie hicho hicho kila siku.

Kuna jambo jingine linalobadili joto la upanga, nalo ni hofu. Ndege akishtuka, damu huondoka kwenye ngozi na kukimbilia ndani. Upanga unapoa ghafla. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walionyesha mwaka 2015 kwamba upanga na ndevu za kuku aliyekamatwa hupoa upesi. Miaka minne kabla yao, Chuo Kikuu cha Bristol kilikuwa kimechapisha jaribio ambalo bado linanigusa. Kuku mama aliwekwa mahali anapowaona vifaranga wake, vifaranga wakapulizwa hewa kidogo, kiasi cha kuwakera tu. Mama hakupulizwa. Lakini moyo wake ulikwenda mbio, na joto la jicho lake likashuka.

Nawaomba wanafunzi mlishike hilo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kiufundi: usimkamate kuku ili kumpima. Ukiingia bandani ukamkimbiza, ukamshika miguu kichwa chini, kisha ukapiga picha ya upanga, umepima hofu uliyoileta wewe. Ingia taratibu, chuchumaa, kaa kimya mpaka waanze tena kudonoa, ndipo upige. Au funga kamera ukutani tangu asubuhi na uondoke. Sababu ya pili ni kwamba upanga uliopoa una maana zaidi ya moja, na picha peke yake haitakwambia ni ipi. Kuku mwenye upanga wa baridi anayedonoa na kujisafisha manyoya ana raha. Mwenye upanga wa baridi aliyeganda pembeni, jicho limetoka, ameogopa. Mwenye miguu ya moto na mdomo uliofungwa anaendelea kujimudu. Mwenye miguu ya moto, mdomo wazi na mabawa yaliyotandazwa amefika mwisho wa njia zake. Jicho la mfugaji halijastaafu kwa ujio wa kamera.

Kwa vifaranga kanuni ni ile ile, ila tunaogopa baridi zaidi ya joto. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 34 kwenye usawa wao wa chini, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Kamera ndani ya bruda, au kinengunengu kama wengi mnavyoiita, itakuonyesha duara la moto kuzunguka jiko la mkaa na sakafu ya saruji iliyo baridi hatua mbili pembeni. Mnayo kamera nyingine isiyouzwa: mchukue kifaranga, ibandike miguu yake shavuni mwako. Ikiwa baridi, na yeye ana baridi.

Nimwongelee sasa kishingo, kuku wetu asiye na manyoya shingoni, maana nimechoka kusikia akiitwa kuku mbaya. Kwenye picha ya joto shingo yake inang'aa kama taa. Ni dirisha jingine kubwa, mahali ambapo mwenzake amefungwa skafu. Jeni inayosababisha hali hiyo, akiirithi kwa mzazi mmoja, humpunguzia manyoya ya mwili kwa kama asilimia 20; akiirithi kwa wazazi wote wawili, kama 40. Kidimu naye, mwenye manyoya yaliyojikunja kwenda nje, koti lake lina matundu ya kupitisha hewa. Tunapozungumza habari za kuboresha mbegu kwa ajili ya nchi zenye joto, hawa wawili wako vijijini mwetu tayari, na ningependa kuona vituo vyetu vya utafiti vikiwapiga picha za joto pamoja na broila, banda moja, mchana mmoja.

Brazili, inayoongoza duniani kwa kuuza nyama ya kuku nje, ina joto kama letu, na watafiti wake wameitumia kamera hii kwa miaka mingi kukadiria joto linalotoka mwilini mwa broila. Kwa hiyo njia ipo na imeshapitiwa. Kwetu swali ni gharama. Kamera ya kuchomeka kwenye simu huuzwa kwa mamia ya dola, fedha ambayo mwenye kuku mia tatu hawezi na hapaswi kuitoa. Ile bunduki ya kupima joto bila kugusa ya mafundi ni rahisi zaidi. Sisemi ile ya paji la uso tuliyoizoea milangoni mwaka 2020. Hiyo imetengenezwa kwa ajili ya mwili wa binadamu na haitasoma bati. Bunduki ya fundi inatosha kupima utepe kwenye bati, maranda, na tangi jeusi la maji lililo juani. Hilo tangi msilisahau. Kuku akipewa maji ya moto saa nane hunywa kidogo, na bila maji hana cha kutweta nacho.

Asiyeweza hata hiyo, achukue mpira wa tenisi ya mezani, aupake rangi nyeusi isiyong'aa, atoboe tundu, aingize ncha ya kipimajoto, autundike usawa wa mgongo wa kuku. Mpira huo unapokea mionzi ya bati kama kuku anavyoipokea. Ukisoma nyuzi nyingi kuliko kipimajoto cha kawaida kilicho kando yake, tofauti hiyo ni ya bati.

Kule Kibaha tulifanya mambo manne. Ukuta wa banda ulikuwa umejengwa kozi sita za tofali, na upepo wote ulikuwa unapita juu ya vichwa vya kuku. Kamera ilionyesha ukanda wa joto umelala nyuma ya ukuta huo. Mama alivunja kozi tatu akaweka wavu. Juu ya bati akatandika makuti. Chakula akakiondoa saa nne asubuhi na kukirudisha saa kumi jioni, ili kuku wasimeng'enye chakula na kuzalisha joto wakati ule mbaya. Tangi akalijengea kivuli. Wiki iliyofuata nilirudi saa nane ile ile. Miguu ya kuku ilikuwa bado ya njano kwenye picha, maana Februari ni Februari, lakini weupe ulikuwa umeondoka na midomo mingi ilikuwa imefungwa. Kipimajoto cha mlangoni kilisoma 31.

Ombi langu ni kwa maofisa mifugo wa halmashauri mliomo humu. Nunueni kamera moja kwa wilaya, iwe ya kuazimwa, na ofisa ugani aende nayo banda kwa banda saa saba na saa nane, siyo asubuhi kukiwa na ubaridi. Kwa wafugaji ombi ni dogo zaidi. Leo mkirudi nyumbani, kitoeni kipimajoto mlangoni. Kitundikeni katikati ya banda, kwenye usawa wa mgongo wa kuku. Kaskazi inaanza tena Desemba.